Kifaru, Mgeni Rasmi wa Kivuko

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa njia!*

Njia ya nani?

*Ya mwenye mbio!*

Na asiye na mbio?

*Asubiri ukingoni!*

Ee, asubiri ukingoni. Mmejibu vizuri, isipokuwa wewe uliyekaa karibu na mlango. Umejibu kwa miayo, nimekuona. Kaa sawasawa. Na kama kuna anayemngoja Sungura, asimngoje. Sungura leo hayupo. Kila ngano yeye, kila ngano yeye, mpaka amechoka, yuko kwake amelala. Leo nimewaletea Nguchiro.

Nguchiro mnamjua? Kiwiliwili kirefu, miguu mifupi, uso mwembamba, macho hayatulii. Huyu Nguchiro wangu alikuwa mama mwenye mtoto mmoja wa kike, jina lake Semeni. Na jina lilimkaa, maana kusema, alisema. Aliuliza maswali tangu anaamka mpaka analala, na akilala aliuliza usingizini.

"Mama, kwa nini Kobe hana shingo?"

"Anayo. Ameiweka ndani."

"Kwa nini ameiweka ndani?"

"Semeni, kunywa uji."

Basi Semeni akapelekwa shule. Shule yenyewe ilikuwa kwenye kichuguu kikubwa, na mwalimu alikuwa Korongo, yule ndege mrefu mwenye upara, anayetembea kama amefunga mikono nyuma wakati hata mikono hana. Semeni aliipenda shule ile. Alirudi kila siku na jambo jipya mdomoni: leo wimbo, kesho hesabu, kesho kutwa jina la nyota. Mama yake alikuwa akimsikiliza huku anajifanya ana kazi, na raha inampanda mpaka masikioni.

Lakini kati ya nyumbani na shuleni ilipita njia. Njia pana, iliyokanyagwa ikakanyagika, ngumu kama sakafu. Na kila asubuhi, wakati ule ule wa watoto kwenda shule, alipita Kifaru.

Gudu-gudu-gudu! Vumbi puu! Huyo, ameshapita.

Alikuwa anakimbilia nini? Magadi. Kule bondeni, ukingoni mwa mto, umande ukianza kukauka ardhi hutoa magadi meupe, membamba, kama unga uliopepetwa. Kila mnyama hupenda kulamba kidogo, maana majani matupu hayana ladha. Kifaru hakutaka kulamba kidogo. Kifaru alitaka kulamba yote. Afike wa kwanza, alambe hapa, alambe pale, na akishindwa kumaliza, ayakalie. Macho yake nayo yalikuwa hayaoni mbali kupita ncha ya pembe. Watoto njiani hakuwaona. Au aliwaona, akadhani ni majani.

Wazazi wakaitisha kikao. Nanyi mnavijua vikao vya wazazi. Walianza kwa kulaumiana, wakaendelea kwa kulaumiana, na jua lilipokaribia kuzama ndipo wakakumbuka kilichowaleta. Wakakubaliana: kila asubuhi mzazi mmoja asimame njiani na jani pana mkononi. Kifaru akitokea, jani juu! Kifaru asimame, watoto wavuke. Mwalimu Korongo akachora ratiba ya zamu kwa mdomo wake kwenye ukuta wa kichuguu. Jumatatu Digidigi. Jumanne Kanga. Jumatano Kobe. Alhamisi Kinyonga. Ijumaa Nguchiro. Wakapiga makofi, wakaenda kulala wakiamini kazi imekwisha.

Jumatatu, Baba Digidigi akasimama njiani na jani lake. Gudu-gudu-gudu! Digidigi akanyanyua jani? Thubutu! Alilitupa, akaruka, akawa wa kwanza kuingia kichakani. Watoto wakamfuata mkiani. Vumbi puu! Wakavuka baadaye wakikohoa, hakuna aliyewavusha.

Jumanne, Mama Kanga akasimama njiani na jani lake. Huyu hakukimbia. Huyu alipiga kelele. "Anakuja! Anakuja! Anakuja!" Alipiga kelele Kifaru hajaamka. Alipiga kelele Kifaru anapita. Kifaru alipokwisha kupita, bado, "Anakuja! Anakuja!" Watoto hawakujua wavuke lini, wakabaki ukingoni mpaka kengele ya mapumziko.

Jumatano, Mzee Kobe akasimama njiani na jani lake. Alikuwa ametoka kwake tangu jana yake ili awahi. Gudu-gudu-gudu! Mzee Kobe akaanza kunyanyua jani. Akanyanyua... akanyanyua... jani likafika begani. Gudu! Kifaru huyo juu yake. Mzee Kobe akajivuta ndani ya gamba lake, tii, akawa salama. Lakini nyuma yake alikuwepo mwanawe, Kijikobe, aliyekuwa ameshaanza kuvuka kwa sababu ameuona mkono wa baba yake unapanda. Teke moja tu. Mtoto akaruka kama jiwe, akaangukia kwenye miiba, na gamba likapata ufa toka upande huu mpaka upande huu.

Hakufa. Nawaambia mapema msije mkanilizia hapa. Lakini alilia siku nzima, na baba yake alikaa kando yake, jani lile bado amelishika.

Jioni wazazi wakakutana tena. Safari hii hakuna aliyelaumu mtu. Mwalimu Korongo akasimama, upara wake umeinama.

"Ndugu wazazi, mimi kazi yangu ni kufundisha. Siwezi kuwaita watoto waje kupondwa. Kesho wabaki nyumbani. Kama Ijumaa hawatavuka salama, nafunga shule."

Wote wakaigeukia ratiba ukutani, halafu wakamgeukia Nguchiro. Wengine walimtazama kwa huruma. Wengine walimtazama kwa furaha, kwa kuwa siyo wao.

Nyumbani, Semeni hakunywa uji.

"Mama, shule ikifungwa, maswali yangu nitampelekea nani?"

"Utaniletea mimi."

"Lakini wewe hujui kwa nini mwezi unapungua."

Ilikuwa kweli, Nguchiro hakujua, na alitamani sana mwanawe ajue. Akafikiria kumfungia ndani asivuke tena maishani mwake. Akafikiria tena ile miguu minne ikishuka, na Semeni katikati yake anauliza swali. Angeweza kumficha mtoto, au angeweza kumsomesha. Kwa njia ile, yote mawili hayakuwezekana.

Alhamisi watoto hawakutoka. Kinyonga anadai alisimama zamu yake yote toka mwanzo mpaka mwisho, ila hakuna aliyemwona. Nguchiro naye, jua lilipokuwa kali, akashuka mpaka kwenye dimbwi la tope alikolala Kifaru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani? Sauti inatoka chini."

"Ni mimi, Nguchiro. Nimekuja kukuomba, mzee wangu. Pale wanapovuka watoto, punguza mwendo kidogo tu."

"Nipunguze mwendo? Nikichelewa, magadi atakula nani?"

"Watakula wengine."

"Umeona sasa? Ndiyo maana nakimbia."

"Lakini watoto wetu wanaumia, mzee."

"Waote mabawa," akasema Kifaru, akajigeuza upande wa pili. Tope likamrukia Nguchiro usoni, pwaa!

Nguchiro akajifuta, akageuka kuondoka. Hakufika mbali. Alimsikia Kifaru akimnung'unikia yule ndege mdogo anayekaa mgongoni mwake na kumdonoa kupe.

"Unaona? Mimi huombwa nipunguze. Tembo haombwi apunguze. Tembo anaalikwa! Walipozindua kisima, mgeni rasmi nani? Tembo. Walipofungua daraja la gogo, mgeni rasmi nani? Tembo. Akavishwa shada la maua. Akakata utepe. Akapigiwa makofi mpaka nikashindwa kulala. Na mimi je? Mimi sijaalikwa hata kufunua chungu."

Na sauti, jamani, sauti ya lile jitu ikakatika kidogo mwishoni.

Masikio ya Nguchiro yakasimama. Akarudi hatua chache alizokwisha kwenda.

"Shikamoo tena, mzee."

"Umesahau nini?"

"Nimesahau kilichonileta. Nilipouona mwili wako nikababaika, nikaanza kuropoka mambo ya mwendo. Mimi nilileta mwaliko."

Tope likaacha kutoa mapovu.

"Mwaliko? Wa nani?"

"Wako. Kesho asubuhi tunazindua kivuko cha watoto wa shule. Wazazi wamekaa, wamesema, mgeni rasmi ni Kifaru. Asipokuwa Kifaru, hafla hakuna."

"Na Tembo?"

"Akitaka kuja, aje. Atakaa nyuma."

Kifaru akasimama wima, tope linamchuruzika. "Nyuma wapi?"

"Nyuma kabisa. Karibu na jikoni."

Kifaru akafumba macho kidogo, autie utamu ule moyoni. Kisha akakumbuka. "Lakini asubuhi mimi nina magadi."

"Mgeni rasmi hafuati magadi, mzee. Magadi ndiyo humfuata mgeni rasmi. Yataletwa mezani kwa sahani."

"Sahani kubwa?"

"Wewe ulivyo, tukuwekee kisahani?"

"Basi nimekubali."

"Ila kuna jambo moja," akasema Nguchiro, akainama, akachora chora chini kwa ukucha. "Naona haya hata kulisema."

"Sema."

"Mgeni rasmi hakimbii. Umewahi kumwona mgeni rasmi anakimbia? Hutembea. Hatua moja, anatazama huku, anapunga. Hatua nyingine, anatazama kule, anapunga. Anayekimbia kwenye hafla ni mpishi, au ni mwizi."

"Mimi si mpishi!" akasema Kifaru. Akaanza kujaribu pale pale kwenye tope. Du... du... du. "Hivi?"

"Polepole kidogo."

Du.......... du.

"Hivi?"

"Mzee," akasema Nguchiro, "umezaliwa nayo."

Ijumaa ikafika. Nguchiro alikuwa ametandaza mmea mrefu wa kijani unaotambaa kukatisha njia, umefungwa kichaka hadi kichaka: ndio utepe. Watoto walipangwa ukingoni, wamechanwa manyoya. Mama Kanga alikuwa ameruka mpaka bondeni umande ulipoanza kukauka, kukomba magadi ya sahani, na kwa mara ya kwanza tangu aanguliwe, aliyakuta hayajalambwa. Kila kitu kilikuwa tayari. Lilibaki shada la maua.

Na shada la maua, nanyi mnajua, mgeni rasmi huvishwa na mtoto. Mtoto husimama mbele, katikati ya njia, peke yake. Wazazi wote walikubali kwamba avishwe na mtoto. Wazazi wote walitaka awe mtoto wa mwenzao.

"Mimi nitamvisha," akasema Semeni.

Nguchiro akamtazama mwanawe. Hila ilikuwa yake, na mtoto alikuwa wake. Akamnyoosha masharubu, akampa shada, akasema, "Simama katikati. Usiogope." Kisha akaenda kusimama kwenye utepe, akaushika kwa mikono miwili.

Wakasubiri. Ikasikika.

Gudu-gudu...

Ukingo mzima ukajikunja. Digidigi tayari alikuwa hewani. Semeni katikati ya njia hakusogea; aliinua shada lake juu. Nguchiro akaukaza utepe.

Gudu... gu... Kifaru akakumbuka. Gu... du.

Du.

Akatazama huku, akapunga pembe. Du. Akatazama kule, akapunga pembe. Du. Akaja akasimama, pua yake imefika kwenye maua.

"Kuna nini hapa chini?"

"Ni mimi Semeni. Nimekuletea maua. Kwa nini pembe yako iko puani na si kichwani?"

Kifaru hakuwahi kuulizwa. Akainamisha kichwa, akavishwa shada, likaning'inia kwenye pembe upande upande. Makofi yakalia, pa-pa-pa-pa! Ngozi yote ile nene ikasisimka.

"Itifaki imezingatiwa!" akatangaza Nguchiro. "Mgeni rasmi, mbele yako ni utepe. Lakini kabla utepe haujakatwa, utaratibu unataka utambulisho. Familia ya Kanga! Vukeni, simameni mbele ya mgeni rasmi, mpungieni, nendeni shuleni."

Watoto wa Kanga wakavuka, wakapunga, wakaenda.

"Familia ya Digidigi! Vukeni, simameni, mpungieni, nendeni."

Wakavuka, wakapunga, wakaenda.

"Familia ya Kobe!"

Hapo pakawa na safari. Mzee Kobe alikuwa amembeba Kijikobe mgongoni, gamba la mtoto limezibwa kwa nta ya nyuki. Kifaru akangoja. Akalamba sahani yake, ikaisha, akangoja.

"Bado?"

"Bado mguu wa nyuma, mgeni rasmi."

Kifaru akaikunja pua. "Huyo mtoto ana nini gambani?"

"Aligongwa, mgeni rasmi."

"Na nani?"

Ukingo mzima ukatazama mawingu. Mzee Kobe peke yake alimtazama Kifaru, akasema polepole, kama afanyavyo kila kitu, "Na mmoja hivi. Alikuwa na haraka."

"Mjinga gani huyo!" Kifaru akang'aka. "Anakimbia penye watoto? Hana macho?"

"Macho anayo," akasema Mzee Kobe. "Mafupi."

Kifaru akataka kusema neno lingine, akalimeza. Akaitazama njia, akaitazama miguu yake, akasimama pale pale mpaka Kobe na mwanawe wakafika ng'ambo.

Watoto wote wakawa wamevuka. Hata mmoja hakubaki.

"Sasa mkasi!" akasema Kifaru.

Mkasi alikuwa ni Kaa, yule wa mtoni, mwenye magando. Nguchiro ndiye aliyemwita, na ndiye aliyemwelekeza njia: "Ukitoka mtoni, tazama kichuguu, uje moja kwa moja mbele." Na Kaa, nanyi mnamjua, hajawahi kwenda mbele tangu aumbwe. Wakati ule alikuwa keshapotelea huko upande upande, anakoenda anakujua mwenyewe.

"Tunaomba radhi, mgeni rasmi," akasema Nguchiro, amejishika kichwa. "Mkasi haujafika. Hafla inaahirishwa hadi Jumatatu."

"Kwa hiyo mimi bado ni mgeni rasmi?"

"Bado. Mpaka siku utepe utakapokatwa."

"Na maua nibaki nayo?"

"Tutakuvisha mapya. Ila jioni uje kuwaaga watoto wakirudi. Mgeni rasmi haagwi, huaga."

Jumatatu ikafika. Du. Du. Maua, utambulisho, watoto wakavuka. Mkasi? Haujafika. Jumanne, du, du. Maua, utambulisho, watoto wakavuka. Mkasi? Haujafika. Kifaru akaanza kuwajua watoto kwa majina. Akajua nani ana kikohozi, nani hapungi vizuri. Na Semeni alikuwa anavuka wa mwisho kila siku, kwa sababu ya maswali.

Sasa habari zikawafikia akina Ngiri kwamba magadi ya bondeni hayana mwenyewe. Baba Ngiri akakusanya jamaa yake, mikia juu kama vijiti, wakaingia njiani. Tiki-tiki-tiki-tiki!

Semeni alikuwa katikati ya njia.

"Mgeni rasmi, kwa nini mwezi un..."

Tiki-tiki-tiki-tiki! Nguchiro akapiga yowe. Alikuwa mbali, na hata kwa mtoto kukimbia hapakuwa na muda. Kifaru hakuona kitu, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Aligeuka mwili wote, akakatisha njia toka kichaka hadi kichaka, Semeni nyuma ya miguu yake. Ukuta.

"NANI ANAKIMBIA KWENYE HAFLA YANGU?"

Akina Ngiri wakafunga breki. Krrrrr! Baba Ngiri alisimamia pua.

"Samahani, mzee. Hatukujua kama kuna hafla."

"Hafla ipo hapa kila siku! Utepe huuoni? Simameni kando, msubiri utambulisho."

Wakasimama kando. Wakasubiri. Wakatambulishwa hata wao.

Nguchiro alimchukua Semeni, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba hapumui. Alimtazama Kifaru, akataka kumwambia asante, akaona asante ni neno dogo sana kwa mwili ule. Basi akamwongezea magadi kwenye sahani. Na Mwalimu Korongo akaenda kwenye ukuta wa kichuguu, akafuta ratiba, akachora mpya. Jumatatu Kifaru. Jumanne Kifaru. Jumatano Kifaru. Alhamisi Kifaru. Ijumaa Kifaru. Kinyonga pekee ndiye aliyelalamika kunyang'anywa zamu.

Msidhani imekwisha. Siku moja asubuhi, katikati ya utambulisho, majani yakachakarika, chaka-chaka-chaka. Akatokea Kaa. Amekonda, amejaa vumbi, gando moja juu.

"Jamani nimefika! Nimezunguka mto wote, nimezunguka mlima wote, lakini nimefika. Mimi ndiye mkasi. Utepe uko wapi?"

Kimya. Hata Mama Kanga alinyamaza, na hilo halijapata kutokea kabla wala baada. Watoto waliokuwa ukingoni wakamtazama Nguchiro. Nguchiro akatafuta neno. Akatafuta hila huku, akatafuta hila kule, kichwa kitupu. Utepe ukikatwa hafla imekwisha. Hafla ikiisha, mgeni anaondoka.

Semeni ndiye aliyeuliza, kama kawaida.

"Mgeni rasmi, utepe ukishakatwa, wewe unakwenda wapi?"

"Hafla inakuwa imekwisha," akasema Kifaru. "Mgeni rasmi anajiendea zake."

"Kwa kutembea au kwa kukimbia?"

Harufu ya magadi ilikuwa inapanda kutoka bondeni. Kifaru akamtazama Semeni, akamtazama Kijikobe, ambaye siku hizo alikuwa anavuka kwa miguu yake mwenyewe, na ambaye wakati ule alikuwa katikati ya njia, mguu wa nyuma bado. Du. Kifaru akasogea kwa Kaa. Akainamisha lile likichwa lake mpaka pembe ikagusa chini.

"Hebu niuone huo mkasi."

Kaa akanyoosha gando. Kifaru akaligeuza kwa mdomo, akalitazama kwa jicho hili, akalitazama kwa jicho lile.

"Butu," akasema.

"Butu? Mzee, jana tu nimekata..."

"Nimesema butu. Mgeni rasmi hakati utepe kwa mkasi butu. Nenda ukaunoe, kisha urudi. Upitie njia ile ile uliyojia."

"Ndiyo, mgeni rasmi."

"Na, Kaa."

"Naam."

"Usiwe na haraka."

Kaa akaondoka, upande upande, mpaka majani yakamfunika. Kifaru akarudi mahali pake katikati ya njia, akaliweka vizuri shada lake.

"Haya," akasema. "Tulifika wapi? Utambulisho uanze upya. Tuanze na huyu wa maswali."

Basi wanangu, ngano yangu imevuka, mimi nimebaki ng'ambo. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, nirudishieni nimpe Kifaru, atailamba.

Na funzo lake ni hili, mlishike vizuri. Kabla hujazindua jambo lolote, hakikisha mkasi upo. Wale wazazi walifanya uzembe mkubwa. Mpaka leo utepe wao haujakatwa. Watoto wao wote wamevuka, wamesoma, wamekua, Semeni sasa ni mwalimu pale pale kichuguuni na amekwisha kujua kwa nini mwezi unapungua, lakini utepe haujakatwa! Ni aibu tupu. Msiwe kama wao.

Haya, kabla hamjalala. Wewe wa mlangoni, nawe pia. Njia ya nani?

*Ya anayevuka!*

Na mwenye mbio?

*Asubiri ukingoni!*